Nani Anajaza Mpira Upepo?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wetu wa mwaka na mwanachama ambaye kwa miaka mingi amekuwa katibu wa timu ya kandanda ya watoto mtaani kwake, Dar es Salaam. Tunaichapa karibu yote kama alivyoisema. – Mhariri)



Katibu wetu aliponiandikia barua alinipa kichwa cha maneno kisemacho "Michezo na Vijana", akaongeza kwamba nina dakika ishirini. Mada hiyo ni bahari, na dakika ishirini ni kata moja ya maji. Kwa hiyo nimeamua kuchota mahali pamoja tu. Nitasema juu ya watu wanaoziendesha timu za watoto mitaani bila mshahara, bila posho na mara nyingi bila shukrani. Nitasema kazi yao ni ipi, inapokwama inakwama wapi, na mwisho nitagusa ajenda namba saba, ile ya mfuko wetu na kombe linalopendekezwa.

Sisi tuliosoma hapa tulicheza kiwanja cha chini, karibu na mikorosho. Jumamosi mchana tulikuta mistari imekwisha chorwa kwa chokaa, nyavu zimefungwa, na mpira umejaa upepo. Ni wangapi kati yetu waliwahi kuuliza nani kafanya hayo? Tulimjua mfungaji wa bao, na hadi leo tunamtaja kwa jina lake la utani. Aliyechora mistari hatukumtazama hata usoni. Ndivyo ilivyo katika nchi nzima. Magazeti yanaandika habari za mfungaji, redio inamtangaza mfungaji, lakini kila mfungaji alianzia mahali ambapo mtu mzima fulani aliamka alfajiri akajaza mpira upepo.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani timu ya watoto ni mpira mmoja na kocha mwenye filimbi.

Wa kwanza ni mwenye ghala. Ghala lenyewe pengine ni chumba cha uani, au sanduku la bati chini ya kitanda. Humo mna mipira, pampu na sindano zake, jezi, bukta, koni, filimbi, nyavu, na viatu vya kuazimana. Mwenye ghala anajua mpira upi unavuja polepole na upi umeoza nyuzi. Anajua pia kwamba mtoto wa miaka kumi hapewi mpira wa wakubwa. Mpira wa wakubwa ni namba 5, wenye mzingo wa sentimeta 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Mtoto mdogo hucheza namba 4 au chini yake, kwa sababu mpira mzito unamfundisha kuogopa kupiga kichwa na kupiga shuti kwa ncha ya dole. Anajua mtoto gani ana miguu mikubwa kuliko umri wake, na mtoto gani atakataa kuvaa viatu vilivyotoboka mbele ya wenzake lakini atavivaa akipewa kwa faragha. Elimu hii haimo katika kitabu chochote.

Wa pili ni mwalimu. Siku hizi wako waliopata kozi na vyeti vya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, lakini wengi zaidi ni vijana waliocheza ligi ya wilaya wakaumia goti, au walimu wa shule za msingi ambao wamemaliza kusahihisha madaftari saa kumi na saa kumi na nusu wako kiwanjani. Mwalimu mzuri wa watoto utamjua kwa jambo moja: timu yake ikiongoza kwa mabao matatu, anawaingiza wale wa akiba ambao hawajui kupiga mpira. Mwalimu mbaya anawaacha benchi mpaka jua linatua.

Wa tatu ni mwamuzi. Huyu ndiye maskini kuliko wote. Anachezesha mechi nne kutwa moja, anatukanwa na wazazi wa pande zote mbili, na jioni anarudi kwa miguu.

Wa nne ni mama wa uji. Kila timu ya watoto inayodumu ina mama wa uji, awe mama lishe wa pale pembeni au mzazi wa mmoja wa wachezaji. Anaona yale ambayo mwalimu haoni. Ndiye anayesema, "Mwalimu, yule mdogo leo usimkimbize, tangu jana hajatia kitu tumboni." Timu yetu imenusurika mengi kwa sababu ya macho ya mama huyo.

Wa tano ni katibu, yaani mimi. Mniwie radhi nikikaa kidogo hapa, si kwa kujisifu, bali kwa sababu ndipo mahali ambapo timu nyingi hupotea bila kujua zimepoteza nini.

Katibu anatunza daftari. Katika daftari mna jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, shule anayosoma, mzazi au mlezi wake, namba ya simu, na siku aliyojiunga. Vilevile katibu ndiye anayeshughulika na usajili. Vyama na vilabu vya michezo hapa kwetu vinasimamiwa kwa Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na klabu isiyosajiliwa, hata iwe na watoto mia, mbele ya serikali haipo.

Daftari hilo lina faida mbili. Faida ya kwanza ni kuzuia vijeba. Ndugu zangu, mnawajua vijeba: mtu mwenye ndevu anayenyoa mara mbili kwa siku ili acheze na watoto wa miaka kumi na mitano. Baadhi yetu tunacheka, lakini si jambo la kuchekesha. Kila kijeba anayeingia, mtoto mmoja wa haki anatoka, na pengine hatarudi tena. Tena dunia imeamka. Tangu mwaka 2009 FIFA imekuwa ikipima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Mwaka 2017 vijana wetu wa Serengeti Boys walikwenda Gabon kwenye fainali za Afrika baada ya Kongo-Brazzaville kuondolewa kwa suala la umri wa mchezaji mmoja. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu. Lakini tujiulize: wangetugeukia sisi, daftari letu lingesema nini? Umri wa kweli haugunduliwi uwanja wa ndege. Huandikwa mtaani, mtoto akiwa na miaka minane, na mtu ambaye hana sababu ya kudanganya.

Faida ya pili ni fedha, na hapa naomba wahasibu mliomo humu mtege masikio. FIFA ina kanuni ya mchango wa mshikamano, iliyoanza mwaka 2001. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa vilabu vilivyomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule wa 23. Kwa kila mwaka kati ya umri wa miaka 12 na 15, klabu hupata robo ya asilimia moja ya bei. Kwa kila mwaka kati ya 16 na 23, nusu ya asilimia moja. Tuseme kijana ameuzwa kwa dola 1,000,000. Klabu iliyomlea miaka minne, kuanzia 12 hadi 15, inastahili dola 10,000. Kwa timu ya mtaani hizo ni jezi, mipira na nauli za miaka kadhaa. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kugawa malipo hayo. Lakini malipo hufuata kumbukumbu za usajili. Klabu ambayo haikusajiliwa, au iliyosajiliwa lakini haikumwandikisha mtoto kwa shirikisho, haipati hata senti. Kijana wa Mbagala, Mbwana Samatta, alitoka Simba akaenda TP Mazembe, mwaka 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Njia ipo na imekwisha pitwa. Anayefuata huenda leo yuko darasa la nne, na jina lake limeandikwa nyuma ya pakiti ya sigara.

Ndugu Mwenyekiti, mtasema: haya, lakini watu wa kujitolea si wa kutegemewa, leo yupo kesho hayupo. Napenda kuwajibu kwa mfano wa majirani zetu wa Kenya.

Mwaka 1987, katika vitongoji vya Mathare, Nairobi, kilianza chama cha michezo cha vijana kijulikanacho kwa herufi MYSA. Aliyekianzisha pamoja na vijana wa pale ni Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi ya ushauri wa mazingira. Watoto wa Mathare wakati huo walicheza mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba, katikati ya marundo ya takataka na mifereji iliyoziba. Chama hicho kiliweka desturi ambayo naiona ni ya hekima kubwa: ukifanya jambo, chama kitakufanyia jambo, usipofanya, nacho hakifanyi. Timu ikishinda mechi hupata pointi 3. Timu ikimaliza zamu yake ya kusafisha mtaa hupata pointi 6. Maana yake ni kwamba timu yenye vipaji lakini yenye uvivu haiwezi kuwa bingwa. Watoto wakashika mareki na makoleo, na mwaka 1992 chama hicho kikapata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mazingira iitwayo Global 500. Mwaka huohuo wakaanza kandanda ya wasichana.

Lakini lililonivutia mimi si tuzo. Ni namna walivyopata watu wa kufanya kazi. Hawakungoja wazee wenye nafasi. Waliwapa kazi vijana wenyewe: kijana wa miaka kumi na sita anafundisha wa miaka kumi, msichana wa kidato cha pili anapanga ratiba ya ligi ya mtaa wake, mwingine anachezesha. Kazi hizo zinaandikwa na zinahesabiwa, na wanaojitolea zaidi hulipiwa karo ya shule, fedha zikienda shuleni moja kwa moja. Mwaka 1994 walizaa timu ya wakubwa, Mathare United, iliyotwaa kombe la taifa mwaka 1998 na ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Kocha wa ubingwa huo, Francis Kimanzi, alikulia katika chama hichohicho, na ameifundisha pia Harambee Stars. Mnaona mzunguko huo? Mtoto aliyelelewa amerudi kulea. Mathare haikuwa na matajiri. Ilikuwa na utaratibu.

Sasa nije kwetu, na niseme lisilopendeza.

Mwaka jana mwenye ghala wetu alifariki dunia. Alikuwa fundi baiskeli. Hakuwa na watoto wa kiume, na watoto wote wa mtaa walimwita Babu. Tulimzika kwa heshima, jezi ya timu imetandikwa juu ya jeneza. Baada ya mazishi timu ilisimama wiki sita. Fedha zilikuwapo na mipira ilikuwapo. Tulikosa mtu wa kufika kiwanjani saa kumi na mbili asubuhi kila Jumamosi, mvua au jua. Tuliweka zamu: wa kwanza alipata safari, wa pili aliuguliwa, wa tatu alisahau. Watoto walikuja, wakakaa juu ya magogo, wakaondoka. Jumamosi ya nne hawakuja. Tulipoanza tena, katika watoto sitini walirudi arobaini na mmoja. Kumi na tisa sikuwaona tena kiwanjani. Watatu nawaona kituo cha daladala, na si abiria.

Nimefikiri sana kwa nini watu wa aina ya Babu hawapatikani, nami naona sababu nne.

Ya kwanza ni lawama. Anayejitolea akinunua mpira, wataulizana amepata wapi fedha. Dawa yake ni daftari la mapato na matumizi lililo wazi, likibandikwa ukutani kila mwezi, hata kama lina mistari mitatu tu.

Ya pili ni mzigo kumwangukia mtu mmoja. Sisi waafrika tuna tabia ya kumpata mwema mmoja kisha tukampandia mgongoni wote. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Ya tatu ni kiwanja. Mtu anajitolea miaka kumi, asubuhi moja anakuta nguzo za zege na ukuta. Viwanja vya wazi vingi vya mijini vimekwenda hivyo. Watoto hawana wakili, na mahali wanapochezea huonekana kama mahali pasipo na mwenyewe.

Ya nne ni ngumu kuitaja, lakini ni lazima. Si kila anayependa kukaa na watoto anawapendea mema. Wazazi wanalijua hilo, na watu wazima waungwana wanaogopa kudhaniwa vibaya, kwa hiyo wanakaa mbali. Dawa si kukaa mbali. Dawa ni kanuni: mtu mzima asiwe peke yake na mtoto chumbani, wala ghalani, wala safarini; wawe wawili daima. Timu ya wasichana iwe na mama au dada katika uongozi. Mzazi ajulishwe kila safari. Kanuni hizi zinamlinda mtoto, na zinamlinda pia mtu mwema. Na wasichana tusiwasahau. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India, wakawafunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, wakafika robo fainali. Wao nao walianzia kwenye viwanja vya vumbi ambapo mtu fulani aliwafungulia mlango.

Ndugu Mwenyekiti, ndipo nafika ajenda namba saba. Kamati imependekeza kwamba sehemu kubwa ya mfuko wetu mwaka huu itumike kwa mashindano ya siku tatu ya vijana hapa shuleni: kombe kubwa, bendi, fulana zenye nembo yetu, na mgeni rasmi. Nawaheshimu waliotoa wazo hilo, wamelitoa kwa moyo mwema. Lakini naomba mkutano huu usilipitishe. Mashindano ya siku tatu huwakuta watoto waliokwisha lelewa na wengine kwa siku mia tatu na sitini na mbili. Sisi tutapiga picha, na Jumamosi inayofuata nani atajaza mpira upepo?

Badala yake napendekeza mambo matatu.

La kwanza, fedha hizo zitumike kuwalipia kozi waamuzi na walimu wa timu za watoto katika kata zinazoizunguka shule hii, kununua mikoba ya huduma ya kwanza, na kulipa ada za usajili wa vilabu ambavyo havijasajiliwa.

La pili, tuiombe shule, kwa barua ya chama chetu, ikifungue kiwanja cha chini kwa watoto wa jirani kila Jumamosi asubuhi, nasi tuchangie kupima mipaka yake na kuweka mawe ya alama. Kiwanja kinachochezewa kila wiki na watoto mia si rahisi kuvamiwa usiku.

La tatu ni gumu zaidi, maana haligusi mfuko. Kila mmoja wetu mwenye nguvu atafute timu ya watoto iliyo karibu na kwake, na atoe Jumamosi mbili kwa mwezi. Asiende kuwa mlezi wa heshima. Aende kushika kibendera, kuandika daftari, kushona nyavu. Humu ndani nawaona madaktari wawili, mwanasheria mmoja, wahasibu wasiopungua watano, na mafundi. Timu yangu imetafuta mwanasheria wa kuandika barua moja tu ya kiwanja kwa miaka miwili.

Wako watakaosema wamezeeka. Nawajibu kwamba Babu alianza kazi ya ghala akiwa na miaka hamsini na nane, baada ya mgongo kumkataza kuinama juu ya baiskeli kutwa nzima. Kukaa juu ya kiti na kuhesabu jezi hakuhitaji mgongo.

Walimu wetu mlioketi pale mbele, tulipokuwa watoto hamkutulipisha saa za jioni mlizokaa nasi kiwanjani. Deni hilo hatuwezi kuwalipa ninyi; wengine wenu mmetutangulia mbele ya haki. Linalipwa kwa watoto waliopo sasa. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, Ndugu Mwenyekiti, na pendekezo langu naliacha mezani lipigiwe kura.



(Baada ya majadiliano marefu, mkutano ulikubali pendekezo la kwanza na la pili. Kuhusu la tatu, karatasi ilizungushwa na wanachama ishirini na watatu wakaandika majina yao. Karatasi hiyo iko kwa Katibu, na nafasi za kuandika bado zipo. – Mhariri)